Pua Iliyosimama Dirishani

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wazee, vijana, na wote waliowahi kusinzia katika kipindi cha kemia, kwamba asidi za kaboksili ni ukoo wa watu wazima wenye kujiheshimu. Hawana haraka ya kuchemka. Wakigusa litmasi ya buluu huigeuza nyekundu bila kuomba ruhusa. Wakikutana na magadi hutoa povu kama mtu aliyeudhiwa mbele ya wageni. Wadogo katika ukoo huo hunuka. Wakubwa hunenepa, huganda kama mshumaa na kukataa kuchangamana na maji, kama baadhi ya matajiri tunaowafahamu. Na wawili wao wakikutana, hawapeani mkono mmoja kama watu wa ofisini. Hushikana mikono yote miwili, na kuwaachanisha kunataka moto wa maana.

Tangazo limekwisha. Sasa nimtaje mhusika: mjomba wangu, mtunza maabara wa shule ya sekondari, miaka thelathini na mmoja kazini, na hajasoma kemia hata siku moja.

Aliajiriwa kufyeka nyasi. Siku moja mtu wa maabara alivunjika mguu, wakamwita mjomba aje aoshe vyombo vya kioo kwa wiki mbili. Alipoviosha, vikang'aa kiasi kwamba mwalimu mmoja alijigonga kwenye bika akidhani hakuna kitu mezani. Fyekeo likapata mtu mwingine.

Chumba chake cha maandalizi kiko nyuma ya darasa la maabara, na kati yao kuna ukuta wa mbao nyembamba. Chochote kinachosemwa ubaoni kinapenya. Mjomba amelisikia somo la asidi za kaboksili mara thelathini na moja, muhula wa pili, kutoka kwa walimu kumi na mmoja, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya sabuni. Wengine tulilipiwa tulisikie mara mbili chuoni, na bado tukatoka kabla halijaisha.

Wanafunzi walimwita Pua. Walimu nao wakamwita Pua, wakitanguliza "Mzee" kwa ajili ya adabu. Ulikuwa unampa chupa yoyote, anaifungua mbali na uso, anapunga kiganja juu ya mdomo wake kama mtu anayewaita kuku, halafu anakwambia: hii ni asidi ya methanoiki, inachoma kama ulikanyaga siafu, hii ni ya ethanoiki, baba wa siki, hii ni ya butanoiki, funika haraka, ni siagi iliyosahaulika nyuma ya kabati tangu enzi za mkoloni. Hakukosea kamwe. Alikuwa na koti jeupe lenye matundu madogo kifuani, na kila tundu lilikuwa na tarehe kichwani mwake.

Miaka miwili iliyopita alipata homa iliyomlaza wiki tatu. Akaamka na kila kitu isipokuwa pua. Ilikuwepo pale pale usoni, kubwa kama zamani, lakini kazi haifanyi. Akainusa kahawa: maji ya moto. Akainusa amonia: hewa.

Hakumwambia mtu. Maabara ina bomba la gesi, na mtu wa maabara asiyenusa gesi angehamishiwa getini akae na daftari la wageni. Ilibaki miaka minne astaafu. Alitaka kuimaliza akiwa na bika zake, mizani yake ya sahani mbili, na dirisha lake linaloingiza jua la asubuhi hadi kwenye sinki.

Jumatatu moja aliwafungulia wanafunzi mlango, na msichana wa mbele akarudi nyuma akipiga kelele, "Mzee, gesi!" Koki moja ilikuwa imeachwa wazi kidogo tangu Ijumaa, na mjomba alikuwa ameshakaa mle ndani nusu saa. Akacheka. "Nilikuwa nawapima kama mko macho," akasema. Darasa zima likapiga makofi. Alikwenda nyuma ya ukuta wa mbao, akakaa juu ya kreti la chupa, asiguse chupa yoyote mpaka kipindi kikaisha.

Nyumbani akawa bingwa wa sifa. "Leo umenikomesha," alimwambia mkaza mjomba kila jioni kabla hata hajakaa. "Harufu imenipokea tangu kona ya kwa fundi cherehani!" Mkaza mjomba alimtazama, akampakulia.

Na hapo ndipo mende wanapoingia katika historia ya sayansi.

Gundi ya dukani haidumu kwenye kabati la asidi. Mvuke unaikausha, lebo zinabanduka. Kwa hiyo kila likizo ndefu mkaza mjomba hupika gundi ya unga wa ngano, na mjomba huandika lebo kwa herufi kubwa za mviringo, anazibandika, anakaa kuzitazama kama mtu aliyemaliza kujenga. Mwaka huu jirani alimwambia mkaza mjomba kwamba gundi ikitiwa sukari inashika zaidi. Akatia sukari. Vijiko vinne.

Shule ilipofunguliwa, rafu ya asidi za kaboksili ilikuwa uchi. Mende hawakusaza hata nukta. Ile asidi ya steariki haikuwa na tabu, kwani imeganda kwenye kopo lake kama mshumaa na kila mtu anaijua kwa sura. Shida ilikuwa chupa tatu za kahawia, zote na kimiminika kisicho na rangi, zinafanana kama mapacha watatu waliovalishwa na mama mmoja.

Jumatano asubuhi mwalimu wa kemia akaingia. Ni binti mdogo, ana muhula mmoja tu pale shuleni, na hutembea na rula kwenye mfuko wa koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu wangu."

"Kesho saa nne nina kidato cha nne. Asidi za kaboksili. Ziko tayari?"

"Ziko."

Mwalimu akaitazama rafu. "Mbona hazina nguo?"

"Mende, mwalimu. Walifanya karamu likizo nzima."

"Basi si uko wewe? Nusa tuandike."

Mjomba akafungua chupa ya kwanza. Akapunga kiganja. Akapunga tena. Akafunga macho, kuongezea uzito. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Nina mafua," akasema.

"Pole. Sasa?"

"Kesho asubuhi utazikuta na majina."

"Kesho asubuhi, mzee. Zisipokuwa na majina ya uhakika, tunazimwaga zote na somo naliahirisha. Siwezi kuwapa watoto kitu nisichokijua. Methanoiki inababua ngozi, unajua mwenyewe."

Alijua mwenyewe. Kiganja chake cha kushoto kina kovu.

Saa saba mkaza mjomba akafika dirishani na chakula. Huo ni utaratibu wao wa miaka: yeye haingii, kwa sababu mlangoni kuna tangazo la MARUFUKU KUINGIA ASIYEHUSIKA, alilolibandika mjomba mwenyewe. Kwa hiyo chakula hupita dirishani, bakuli limefungwa kitambaa, na mazungumzo hupita humo humo.

"Umenikomesha leo," mjomba akaanza. "Hiyo harufu—"

"Bakuli halijafunguliwa, baba watoto."

Mjomba akalipokea. Mkaza mjomba akachungulia nyuma yake, akaziona chupa.

"Ni ile gundi yangu, sio?"

"Ni mende."

"Nilitia sukari."

"Sukari!"

"Jirani alisema inashika."

"Imeshika mende, mama watoto. Imewashika kutoka mtaa wa pili."

Mkaza mjomba akauma midomo asicheke. "Sasa si unuse? Pua si wewe?"

"Nina mafua."

"Una mafua ya miaka miwili."

Mjomba akaliweka bakuli juu ya meza polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Unakumbuka maharage yaliyoungua mpaka sufuria ikatoboka?" akaendelea mkaza mjomba. "Uliniambia yana harufu nzuri ya moshi."

"Nilidhani ni upishi mpya."

"Mwezi mzima nilikupikia bila kitunguu, ukasifu harufu ya kitunguu. Nikakuwekea siki kwenye chai, ukaniuliza kama nimebadilisha majani. Nikajua." Akaegemea kizingiti cha dirisha kwa viwiko. "Miaka miwili nanusa maziwa kabla hujanywa. Nanusa shati lako ukitoka kazini nijue leo umeshika nini. Asubuhi ukishatoka, nani unadhani anarudi kunusa jiko?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Mtu akiwa na siri yake ya kijinga, unamwachia kidogo acheze nayo." Akakohoa. "Halafu hujawahi kunisifu namna ile tangu tuoane. Nikaona nisiharibu."

Mjomba akachukua kitambaa. Akafuta sinki lililokuwa kavu.

"Lete chupa," akasema mkaza mjomba.

"Huruhusiwi kuingia."

"Nani kaingia? Inayoingia ni pua. Mimi niko nje."

Mjomba akamfundisha kupunga kiganja. Mara ya kwanza alipunga kama anafukuza nzi, harufu ikamwendea mjomba, isimfae kitu. Mara ya pili akaipata.

"Hii siki. Lakini siki iliyokasirika. Ni ile uliyorudi nayo kotini wiki aliyozaliwa kifungua mimba wetu. Nililifua mara tatu, mtoto alinyonya huku anapiga chafya."

Chupa ya pili hakuhitaji kupunga. Aliruka hatua mbili nyuma.

"Yarabi! Hii nimekaa nayo kwenye harusi ya mdogo wangu! Ilikumwagikia asubuhi, ukakataa kubadili viatu kwa sababu ni vipya. Safu nzima ikahama. Viti kumi na viwili, tumebaki wawili katikati kama sisi ndio tunaooana."

"Ulibaki," akasema mjomba.

"Ningeenda wapi? Viatu vilikuwa vya mume wangu."

Ya tatu ilimtoa machozi. Akaifunga mwenyewe, akakichukua kiganja cha kushoto cha mjomba kilichokuwa kizingitini, akakigeuza juu. "Hii ndiyo iliyofanya hivi," akasema, na kidole chake kikapita juu ya kovu. "Nilikuwa nakufunga bandeji kila usiku, na kila nikiifungua inatoka hii hii. Siafu."

Mjomba akaandika kwa penseli kwenye vipande vitatu vya karatasi: ethanoiki, butanoiki, methanoiki. Akavitazama. Hakuvibandika.

"Vipi? Huniamini?"

"Nakuamini. Ila mwalimu nitamwambia nini? Kwamba mke wangu amefua miaka thelathini?"

"Ni ushahidi mkubwa huo."

"Anataka wa kitabuni. Na mimi kitabu sikusoma."

Mkaza mjomba akamtazama kama anavyomtazama mtu anayetafuta miwani ilhali imo usoni mwake. "Wewe somo hilo unaliota. Unasema usingizini, 'nyuzi kumi na saba, nyuzi kumi na saba,' kwa sauti laini mpaka mwaka wa kwanza nilidhani ni jina la mwanamke."

Mjomba akaacha kufuta sinki.

Nyuzi kumi na saba. Ukuta wa mbao uliimba hivyo kila muhula wa pili: asidi ya ethanoiki iliyo safi, kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi kumi na saba, inaganda kama barafu. Ya methanoiki inasubiri mpaka nyuzi nane. Ya butanoiki haigandi hata kwenye barafu yenyewe. Alikuwa nayo kichwani yote, miaka thelathini na mmoja, kama mtu aliyekalia kabati la fedha akidhani ni kiti.

Akalikunja koti mikono. Akamimina kidogo kutoka kila chupa kwenye neli tatu za kioo. Akajaribu litmasi: zote nyekundu. Akatia magadi katika tone la kila moja: zote zikafurika povu. Akazichanganya na maji: zote zikachangamana nayo kwa furaha. Mkaza mjomba akaanza kuvunjika moyo dirishani.

"Zinasema kitu kimoja zote."

"Ni ndugu. Hapo wametaja jina la ukoo tu. Subiri watajane majina yao."

Akaleta jagi la maji baridi kutoka kwenye friji ya walimu, akaliongezea ya bomba mpaka kipimajoto kikasimama kwenye kumi na mbili. Akatumbukiza neli tatu mpya, zenye asidi tupu. Wakangoja. Mkaza mjomba akala nusu ya chakula cha mjomba bila kujua. Hakuna kilichotokea. Mjomba akachukua kijiti cha kioo, akakwaruza ndani ya neli ya kwanza, taratibu, kama mama anayemwamsha mtoto. Uzi mweupe ukatokea pale kilipogusa kijiti. Ukatawanyika. Kabla hajahesabu kumi, neli nzima ilikuwa imeganda, ina majani majani kama kioo kilichochorwa.

"Siki yangu hiyo!" mkaza mjomba akapiga kizingiti.

Kwa zile mbili zilizobaki akatumia pamanganeti, ile dawa ya zambarau, akiitia asidi kidogo na kuipasha kwenye maji ya moto. Aliyopewa yule wa harusini ikabaki zambarau, haina habari. Aliyopewa siafu ikapauka, ikapauka, ikawa maji. Katika ukoo ule wote wa kawaida ni methanoiki tu mwenye tabia hiyo, walisema walimu kumi na mmoja.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa ameshakolea. Akachukua matone ya yule wa harusini, akaongeza spiriti, na tone moja la asidi kali ya salfa, akaiacha neli ndani ya maji ya moto kwa dakika kumi. Kisha akaimwaga kwenye bika lenye maji na magadi, akalipeleka dirishani akiwa amelishika kwa mikono miwili.

"Punga kiganja," akasema. "Usiogope."

Mkaza mjomba alisogea akiwa ameukunja uso mzima. Akapunga. Uso ukakunjuka.

"Nanasi," akanong'ona. Akapunga tena. "Baba watoto, lile shetani limegeuka nanasi!"

"Bivu au bichi?"

"Bivu. Kama limekatwa sasa hivi."

"Juisi inachuruzika?"

"Mpaka kwenye viwiko."

Mjomba akafumba macho. Hakulinusa bika. Alimsikiliza mkewe akinusa, mara moja, mara mbili, na tabasamu likamwenea taratibu kama uzi ule mweupe ndani ya neli.

Wakaandika lebo mpya. Gundi ilikuwa ile ya dukani, mbovu, kwa hiyo mjomba akayeyusha kipande cha asidi ya steariki akazipaka juu: mvuke usipite, na mende wateleze. Kila kitu kilikuwa sawa. Mwalimu angezikuta chupa zina majina, Pua angebaki Pua, miaka miwili ingepita.

Mkaza mjomba akafunga bakuli tupu kwenye kitambaa. Akageuka kuondoka, akarudi.

"Na gesi je?" akauliza. Hakungoja jibu.

Alhamisi saa moja asubuhi mwalimu alimkuta mjomba amesimama nje ya mlango wa maabara, koti limefungwa vifungo vyote, funguo mkononi, mlango haujafunguliwa.

"Chupa ziko tayari, mwalimu. Ila sikuzinusa."

"Mafua bado?"

"Sina mafua. Sina pua. Miaka miwili sasa." Akaelekeza kidole mlangoni. "Ile Jumatatu ya gesi sikuwa nawapima watoto. Sikuisikia harufu. Ukitaka funguo, hizi hapa."

Akazinyoosha. Mwalimu hakuzichukua.

"Chupa umezitambuaje?"

Mjomba akamweleza: maji ya nyuzi kumi na mbili, kijiti, pamanganeti, nanasi. Alipofika kwenye nanasi mwalimu alikuwa ameitoa rula mfukoni na kusahau kwa nini.

"Mzee," akasema mwisho, "sheria za usalama zinakataza kutambua kemikali kwa kunusa. Nina muhula mzima natafuta namna ya kukwambia uache. Nilikuwa naogopa, wewe ni Pua. Kumbe onyo ningekuandikia kwa kuwa na pua, si kwa kuikosa."

Kisha akawa mkali, kama alivyostahili kuwa. Siku ile ya gesi, akasema, isingerudiwa. Kila asubuhi koki zote zipakwe povu la sabuni. Panapovuja, povu litachemka, na macho ya mjomba hayana homa. Na mlango usifunguliwe na mjomba peke yake: lazima awepo mtu anayenusa. Angemwandikia mwalimu mkuu hivyo hivyo, bila kuficha.

"Nani atakubali kuja saa moja kamili kila siku kunusa chumba?" mwalimu akauliza.

Kutoka upande wa dirisha mtu akakohoa.

Saa nne mwalimu alimwita mjomba aje upande wa pili wa ukuta wa mbao. Miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kusimama pale. Wanafunzi wakaanza, "Pua! Pua!" naye akainua mkono wenye kovu, wakanyamaza. Akaweka neli kwenye maji, akakwaruza kwa kijiti, na darasa zima likasimama juu ya viti kuangalia inavyoganda. Kisha akawaambia lile analolipenda kuliko yote: kwamba chukua spiriti yenye uzito ule ule wa asidi ya ethanoiki, spiriti itachemka kwa nyuzi tisini na saba na kwenda zake, lakini asidi itangoja mpaka mia moja na kumi na nane. Kwa nini? Kwa sababu zimeshikana mbili mbili, mikono yote miwili. Nje ya dirisha mkaza mjomba alikuwa amesimama na bakuli, saa tatu nzima kabla ya wakati wa chakula.

Mwalimu mkuu alisoma barua, akaguna, akaongeza maneno mawili kwa wino kwenye tangazo la mlangoni. Sasa linasomeka: MARUFUKU KUINGIA ASIYEHUSIKA, ISIPOKUWA PUA. Na Pua sasa ni jina la mkaza mjomba. Hufika saa moja kasoro dakika tano, akiwa na kanga mabegani na ndoo ndogo ya povu, hupewa chumba anuse, husema "Safi," na mjomba huingia.

Jumapili iliyopita niliwatembelea, nikawasomea tangazo langu la mwanzo, kwa sauti ya mtu wa redio. Nilipofika kwenye mikono miwili na moto wa maana nikapunguza sauti, nikawatazama mmoja mmoja. Mkaza mjomba akajifanya anatafuta kitu kwenye mkeka.

"Mjomba," nikasema, "hapo nimewaandika nyinyi wawili."

Mjomba akatafuna, akameza, akanywa maji.

"Hapo ni vifungo vya haidrojeni," akasema. "Na hujaandika kwamba chupa zifungwe."